Tangi la Hilux limejaa kutu: nilisafishe au nitafute la mtumba?

Wakuu, habari za leo. Nina pikapu ya marehemu baba, Toyota Hilux ya mwaka 1989, ya petroli, bado inatumia kabureta. Ilikaa chini ya mwembe hapa Tanga karibu miaka 4, mafuta yakiwa robo tangi. Na hewa ya bahari mnaijua wenyewe.

Nimeifufua mwezi uliopita. Ikiwa imesimama inanguruma safi, ila ikianza kupanda mlima tu inakosa mafuta na kuzima. Nikiiacha dakika 10 inawaka tena kama vile haikuwa na shida. Nimeshabadilisha filta 3. Ya mwisho niliipasua kwa kisu: ndani tope la rangi ya udongo wa kichuguu, na chembe kama magamba ya samaki. Petroli niliyoikinga kwenye chupa ilijitenga, maji yakakaa chini.

Fundi wa kwanza anasema tushushe tangi, tumwage siki, tutie nati na mnyororo, tulitikise mpaka kutu ibanduke. Wa pili anataka alikate juu, alikwangue, kisha achomelee. Huyo nimemkwepa, mvuke wa petroli unalipuka hata tangi likiwa tupu.

Aliyewahi kutumia siki, uliiacha siku ngapi? Na ukishasuuza, unalikausha vipi lisishike kutu upya siku hiyohiyo? Rangi ya kupaka ndani naiogopa, isije ikabanduka ikaziba kabureta. La mtumba je, nitajuaje kama ndani halijaoza?