Kipimo cha masikio cha VA na yale maneno ya Kiingereza

Habari zenu ndugu. Wiki ijayo nimeitwa kupimwa masikio kwa ajili ya dai langu la VA, ile idara ya Marekani ya maveterani. Jeshini nilikuwa kikosi cha mizinga miaka sita. Naambiwa kuna sehemu ya kurudia maneno ya Kiingereza. Nikikosea kwa sababu ya lugha, si wataniona mwongo? Na vifaa vyangu vya kusikilizia, nivae?

Jibu:
Kaka, vifaa vivue. Kwa kanuni zao unapimwa bila hivyo.

Hilo la maneno liliniumiza mimi. Unafungiwa kwenye kijichumba kisichopenya sauti, hedifoni masikioni. Kwanza milio: hata ukisikia kama mbu wa mbali, bonyeza kitufe. Halafu inakuja kanda ya Maryland CNC, ndicho kipimo cha kurudia maneno, ya silabi moja moja; konsonanti ya mwisho ikikuponyoka, neno lote limekwenda. Sauti za juu ndizo mizinga huziua kwanza, na konsonanti nyingi ziko huko huko. Mimi kila nilipokuwa na shaka nilinyamaza, naona haya kubahatisha. Ripoti ikasema majibu yangu hayalingani. Kuhusu lugha, hata mstari mmoja haukuwemo.

Baadaye ndipo nikasoma 38 CFR 4.85, kanuni ya serikali ya Marekani kuhusu kipimo hiki. Mpimaji anaruhusiwa kuthibitisha kwamba kipimo cha maneno hakifai kwa sababu ya lugha, na hapo kiwango cha ulemavu kinatafutwa kwa milio peke yake, kwa jedwali la VIa la kanuni hiyo. Kwa hiyo mwambie kabla hajafunga mlango kwamba umekulia Kiswahili. Neno lisiposikika vizuri, taja kile ulichosikia. Usijifanye kiziwi kuliko ulivyo. Wanalinganisha milio na maneno, na wanaona.

Jibu:
Shemeji, niongeze. Ile kengele ya masikioni isiyonyamaza inadaiwa peke yake, itaje na useme ilianza lini. Mume wangu aliisahau. Kwa usikivu wenyewe, VA huukubali kuwa ulemavu kati ya hezi 500 na 4000, mlio mmoja usipousikia mpaka ufike disibeli 40, au mitatu mpaka ifike 26. Mume wangu alipewa asilimia 0 ya ulemavu akataka kurarua barua. Nikamzuia: jeshi limeshakubaliwa kuwa chanzo, masikio yakizidi kuharibika anaomba kuongezewa.

Jibu:
Asanteni sana. Mlio wangu ulianza mwaka wa pili, sikio la kushoto. Nimeshauandika kwenye karatasi pamoja na hilo la Kiswahili, nitamkabidhi mkononi.