Naomba ushauri: Poltava niandike tarehe ipi?

Wakuu habari zenu, naombeni msaada. Naandaa chati ya vita vya Waswidi na Warusi kwa ajili ya wanafunzi wangu, kuanzia pigano la Narva 1700 mpaka Urusi ilipoichukua Ufini 1809, sasa nimekwama kwenye pigano la Poltava 1709, pale mfalme wa Waswidi Karl XII alipochapwa na Petro Mkuu wa Urusi. Kitabu kimoja 27 Juni, kingine 28 Juni, kingine 8 Julai, nikadhani wachapaji wamekosea kumbe Warusi walitumia kalenda ya zamani (27 Juni), Waswidi nao walikuwa na yao imewazidi siku moja (28 Juni), na 8 Julai ni kwa kalenda ya leo (hawa jamaa hata tarehe hawakuelewana!). Nimejaribu kuziweka zote tatu, chati imekuwa vurugu tupu.

Je, nibaki na 8 Julai tu? Na mkataba wa amani wa Nystad 1721 kati ya Waswidi na Warusi, niandike 30 Agosti au 10 Septemba?