Naomba ushauri: fangasi wa ndani ya majani ya mibuni

Salaam wakuu. Nachunguza fangasi wanaoishi ndani ya majani mazima ya mibuni, yasiyo na doa wala ugonjwa, kutoka shamba letu la kihamba (shamba la ukoo kuzunguka nyumba), Kilimanjaro.

Jani naliosha, nalitumbukiza kwenye spiriti ya asilimia 70 dakika 1, maji ya klorini dakika 3, spiriti tena sekunde 30, kisha maji safi yasiyo na vijidudu. Vipande vya milimita 5 navipanda kwenye agari ya viazi (rojo iliyoganda ya kuoteshea fangasi) yenye dawa ya kuzuia bakteria. Nilikandamiza jani lililosafishwa juu ya agari ambayo haijapandwa kitu, hakikuota kitu, kwa hiyo naamini wanaotoka ni wa ndani kweli.

Shida: siku ya 4 tu Colletotrichum, fangasi anayekua haraka, ameshafunika sahani nzima, utando wa kijivu na vitone vya rangi ya chungwa. Juzi niliona kidoa cheusi kama kichwa cha pini pembeni mwa mshipa wa jani; asubuhi yake kimemezwa. Iliniuma sana. Wengine niliowatenga ni weupe tu, wiki 6 hawajatoa spora (chembe za uzazi), kwa hiyo siwezi kuwatambua. Nimejaribu agari isiyo na chakula na mwanga wa saa 12, wapi.

Je, nikikata vipande vya milimita 2, kila kimoja sahani yake, nitawaokoa wanaokua polepole? Na hawa weupe, niwapande juu ya majani ya mbuni yaliyochemshwa kwa presha ili watoe spora, au nipime DNA moja kwa moja? Fedha yangu inatosha sampuli 20 tu.

Natanguliza shukrani.