Mjadala: Muunganiko wa nyuklia kwa muoni, kwa nini unanyimwa fedha?

Mkereketwa: Muoni ni chembe kama elektroni, ila uzito wake ni mara 207 hivi. Ikishika nafasi ya elektroni, viini vya dutiriamu na tritiamu, aina nzito za haidrojeni, vinasogeleana mpaka vinaungana, bila joto la mamilioni ya nyuzi. Mwanafizikia Luis Alvarez alishauona muunganiko wa muoni Berkeley, Marekani, mwaka 1956, kwa haidrojeni ya kawaida na dutiriamu. Kwa nini mitambo ya plazma, ile gesi ya moto mkali, inalishwa mabilioni na hii inaachiwa makombo?

Hesabu Kali: Kuzalisha muoni moja kwenye kiharakishi, mtambo wa kurusha chembe kwa kasi, kunakula nishati kama GeV 5, yaani MeV 5,000. Muunganiko mmoja unarudisha MeV 17.6. Gawanya mwenyewe: karibu miunganiko 300 kwa muoni moja ndipo urudishe mtaji, na joto hujaligeuza umeme bado. Waliofika mbali walipata kama 150. Ila mashabiki wa muunganiko baridi, ule wa kuunganisha viini mezani bila joto kali, hamjapona tangu 1989.

Mkereketwa: Nani shabiki wa muunganiko baridi? Unanitia kapu moja na Fleischmann na Pons, wale wa Utah waliodai joto ambalo wengine hawakuweza kulirudia? Ya muoni imepimwa na kurudiwa. Chunga ulimi.

Bibi Kwanta: Taratibu, baba. Mwanafizikia Steven Jones wa hizo 150 za maabara ya Los Alamos ndiye huyohuyo aliyekuwa na elektrodi zake za muunganiko baridi Utah mwaka 1989. Undugu upo, msikane.

Mkereketwa: Jones hakudai joto hata siku moja! Alidai nyutroni chache tu, chembe zinazotoka viini vikiungana.

Bibi Kwanta: Ambazo wenzake walizitafuta wasizione.

Hesabu Kali: Tumeshafika Utah, 300 zangu hazijajibiwa.

Mkereketwa: Si wewe uliyetupakia kwenye basi?

Msomaji Kimya: Jamani, kikwazo kingine ni kunata. Muoni inaishi mikrosekunde 2.2, na humo inaweza kuchochea mara nyingi, lakini chini kidogo ya mara moja kwa kila mia inanasa kwenye kiini cha heliamu na kuondoka nacho. Mwanafizikia J. D. Jackson alilieleza hilo 1957. Mwenye njia ya kuibandua aseme.

Bibi Kwanta: Ya nini kubandua? Leza za NIF, maabara ya muunganiko ya Marekani, Desemba 2022: zimeingia megajuli 2.05 kwenye fueli, zimetoka 3.15. Mshindi kapatikana.

Mkereketwa: Na umeme wa kuwasha hizo leza? Megajuli kama 300! Hesabu Kali, mbona hapa kalamu imekauka wino?

Hesabu Kali: Sijasema neno kuhusu leza.

Mkereketwa: Ndicho ninachouliza.