Nimeahidi masweta matano ukweni Makete, niko Mtwara na mtoto anafumua. Nianze na la nani?

Mama Chikongola (14 Aprili, saa 5 usiku)

Wakuu, salaam. Wanaotaka kucheka wacheke kwanza wamalize, halafu tuongee.

Niko Mtwara mjini, joto mnalijua. Jasho linanitoka mpaka kwenye vidole, na mapajani nimepakata sweta la mwanaume.

Ilikuwa hivi. Nilipojifungua, mama mkwe alikuja kutoka Makete, kule milimani kwenye baridi, kunilea. Akanikuta namfumia mtoto kofia, kazi niliyofundishwa shuleni na masista. Akasema, "Na mimi utanifumia." Hapo ningejibu "ndiyo mama" yakaisha. Mdomo wangu ukasema, "Na baba pia mama, na wifi, na mwanao, na mjukuu, tutakuja wote tumevaa." Mwenzangu alinitazama kwa jicho lile la "umejiponza mwenyewe".

Safari ni tarehe 25 Juni. Mpaka leo nina kipande kimoja tu, mgongo wa sweta la mume, na chenyewe kimenishinda. Nilifuata kijitabu: vitanzi 119, nipate upana wa sentimeta 54. Nimepima jana, ni 62! Mume kajiwekea kifuani, kauliza kama ni lake peke yake au tunavaa familia nzima.

Mtoto ana mwaka na miezi minne. Akiona donge la uzi anaona mpira. Wiki iliyopita niliinuka kuepua maharage, niliporudi alikuwa amechomoa sindano na mistari kumi na kitu imefumuka. Nilikaa chini nikalia, akaja kunifuta machozi kwa uzi ule ule.

Muda wangu wa kufuma ni kama dakika 40 kwa siku, akishalala, umeme ukiwepo. Jana mama mkwe kapiga simu kauliza vizuri tu, "Baridi imeanza kubisha hodi huku, mwanangu." Nimeelewa.

Naombeni ushauri. Nianze na la nani? Na mkono ukiwa na jasho mnafanyaje?

---

Mzee wa Nangurukuru

Uzi wa kuomba ushauri kuhusu uzi. Nimekaa paleee, waje wenye sindano.

---

Korosho Daraja la Pili

Msimcheke dada wa watu. Sweta Mtwara lina kazi yake. Mzee wangu Tandahimba analo moja, analivaa alfajiri tu msimu wa kupulizia salfa kwenye mikorosho, maana salfa inapigwa mapema kabla upepo haujaamka. Mama alilifua miaka nenda rudi, harufu haikutoka. Sasa linakaa nje, kwenye msumari wake.

---

Newala Juu

Anayesema Kusini hakuna baridi apande Newala mwezi wa sita. Ukungu unapanda kutoka bonde la Ruvuma, unamsikia mtu anakusalimia humuoni. Sisi tuna Shimo la Mungu, Makete wana Kitulo, hifadhi ya maua wanayoiita Bustani ya Mungu, na baridi nadhani wanagawana. Ushauri sina, nilikuwa natetea wilaya.

---

Fundi Masasi

Dada, mimi nafuma masweta ya shule kwa mashine, ila kwa mkono ndiko nilikoanzia. Ngoja tupige hesabu, maana naona hakuna aliyekupigia.

Kwanza huo mgongo. Vitanzi 119 vimekupa sentimeta 62, maana yake mkono wako unatoa vitanzi 19 kwa kila sentimeta 10. Kijitabu kimehesabu 22. Kijitabu hakina kosa na wewe huna kosa, mikono ni tofauti. Kosa ni kutofuma kipande cha majaribio. Ukianza chochote, fuma kipande kidogo, kifue, kikauke, ndipo uweke rula uhesabu. Kwa mkono wako upana wa 54 ulitaka vitanzi 103.

Sasa muda. Mistari yako tuseme 25 kwa sentimeta 10. Mgongo wa urefu wa 65 ni mistari 162. Mara 103, ni vitanzi 16,686. Mbele na nyuma, 33,372. Punguza kidogo kwapani na shingoni, lakini mikono bado sijaigusa. Mtu wa kawaida anafuma vitanzi 20 kwa dakika, yaani 1,200 kwa saa. Hizo ni saa karibu 28. Kwa dakika zako 40, siku 42. Weka mikono, wiki mbili tena.

Kutoka leo mpaka tarehe 25 Juni ni siku 72. Kwa hiyo una muda wa sweta moja la mwanaume na soksi. Matano hayapo, hata mtoto angelala toka saa kumi jioni.

Ningekuwa wewe: la mtoto, mzunguko wa kifua sentimeta 58 ili alivae mpaka miaka miwili na zaidi, urefu 33. Vitanzi 110, mistari 82, ni kama saa saba na nusu. Ukiweka mikono yake midogo, siku 15. Halafu mama mkwe mfumie kizibao, kisicho na mikono, kwa uzi mnene na sindano kubwa. Uzi unaotoa vitanzi 16 na mistari 22 kwa sentimeta 10 utakumalizia kizibao cha mzunguko wa 104 kwa siku 27 au 28. Jumla siku 43. Zinazobaki ni za homa ya mtoto, kufumua, na kukatika umeme.

Mume atakuelewa. Asipoelewa mwoneshe hii hesabu.

---

Mzee wa Nangurukuru

Fundi umenitoa jasho mimi niliyeketi. Kumbe sweta moja ni vitanzi elfu thelathini na tatu? Na mimi nilikuwa nayauza mitumba elfu tano tano bila heshima.

---

Bibi wa Mikindani

Mwanangu, pole. Mimi nimefuma nikiwa na watoto saba, na wa kwangu walikuwa watundu kuliko huyo wako.

Donge usiliache wazi. Chukua ndoo ndogo ya rangi iliyooshwa vizuri, toboa mfuniko tundu moja, donge liingie ndani, uzi utoke tunduni. Akivuta, inatoka kidogo kidogo, na ndoo anaiona ngoma. Utapata dakika kumi hapo.

Pili, kila ukimaliza mistari kumi, chukua sindano ya kushonea na uzi mwembamba wa cherehani wa rangi nyingine, upitishe ndani ya vitanzi vyote vilivyo kwenye sindano. Uache humo humo, endelea kufuma. Siku akichomoa, itafumuka mpaka kwenye ule uzi na kusimama. Unarudisha vitanzi kwenye sindano, hulii. Ukimaliza sweta unauvuta, unatoka.

Usiinuke katikati ya mstari. Maharage yaungue kidogo. Ukilazimika, funga kitanzi cha mwisho kwa pini.

Jasho: nawa, kausha, paka poda kidogo viganjani. Na fuma alfajiri, siyo usiku. Kusi likianza kuvuma, mwezi wa tano kwenda wa sita, mikono yenyewe itakauka, utaona uzi unateleza.

---

Mama Chikongola

Bibi shikamoo. Hilo la uzi wa cherehani sijawahi kulisikia maishani mwangu. Masista walitufundisha mengi ila hawakuwa na watoto.

---

Bibi wa Mikindani

Marahaba. Ndiyo maana.

---

Makete Halisi

Shemeji, mimi ni wa huko huko. Naomba nikurekebishe kitu kimoja kabla hujaanza. Mama zetu hawapendi sweta la kupitisha kichwani. Ana kilemba, ana kitenge juu ya kitenge, asubuhi kuna baridi, saa sita jua linawaka anataka kuvua bila kuvuruga kichwa. Fuma la kufungua mbele, vifungo vikubwa, maana vidole vikiwa na baridi kifungo kidogo hakishikiki. Na mifuko miwili. Bila mifuko atakushukuru halafu atalikunja kabatini.

Rangi iwe nzito, kahawia au kijani cha giza. Kule mama anakaa jikoni kwenye moto wa kuni, jeupe halimalizi wiki.

Mwezi wa sita na wa saba asubuhi nyingine utakuta sakitu kwenye majani, nyeupe kabisa. Mtoto atadhani ni chumvi ya huko kwenu.

---

Dada wa Mjini Lindi

Jamani mbona mnajitesa? Nunua matano mitumba, fua, piga pasi, kata lebo, sema umefuma. Nani atajua?

---

Makete Halisi

Mama yangu atajua kabla hujashuka kwenye gari. Usimfundishe mwenzio uongo wa kumfedhehesha ukweni.

---

Muuza Marobota

Mimi nauza mitumba hapa Lindi. Kata lebo mkitaka, lakini mshono wa kiwandani unajulikana. Nina wazo jingine. Huku kwetu sweta la sufu halisi ndilo linalobaki mwisho wa robota, nani atalivaa na joto hili? Muuzaji anakushukuru ukimwondolea. Nunua kubwa la mwanaume, lifumue, upate uzi mzuri kuliko wa dukani.

Angalia ndani ubavuni kwanza. Kama vipande vimefumwa kila kimoja kwa umbo lake kisha vikashonwa, chukua. Kama kitambaa kimekatwa kwa mkasi na kingo zimezungushiwa uzi wa mashine, achana nalo, utapata vipande vya urefu wa mkono tu. Na lililofuliwa maji moto likagandamana kama blanketi halifumuki kabisa.

Kujua kama ni sufu, choma kipande kidogo cha uzi, nje, mbali na mtoto. Sufu inanuka nywele zilizoungua na inabaki majivu yanayosagika. Akriliki, ule uzi wa plastiki, inayeyuka, inakuwa ushanga mgumu. Ukishafumua, zungushia uzi kwenye mgongo wa kiti, ufunge sehemu nne, ufue, uutundike na kitu kizito chini. Unanyooka.

---

Nesi Mstaafu

Nyote mmesema vizuri, naongeza la mtoto. Asilivae hilo sweta Mtwara ili apigwe picha. Nimeona watoto wengi wa Kusini wamejaa harara shingoni na kwapani kwa sababu mama kafunika mtoto mchanga sweta, kofia na soksi mchana wa Februari. Pima kwa mkono nyuma ya shingo yake: kukiwa na jasho, mvue. Viganja kuwa baridi siyo kipimo.

La mtoto lisiwe na kamba shingoni. Vifungo shona kwa uzi wa nguvu, uvivute mwenyewe kwanza, maana atavitafuna. Kabla hujamvalisha geuza ndani nje, kata ncha za uzi zinazoning'inia mikononi. Uzi ukijizungusha kwenye kidole cha mtoto unakaza, kidole kinavimba na yeye hawezi kusema.

Na kwa kuwa mmetaja moto wa kuni: akriliki ikishika cheche inayeyukia kwenye ngozi. Mama mkwe mfumie kwa sufu.

---

Mama Chikongola (16 Aprili)

Nimesoma yote, nimempa mume asome. Alipofika kwenye 33,372 akacheka mpaka mtoto akaamka. Kasema la kwake lisubiri hata mwakani, atavaa koti lake.

Nimempigia mama mkwe mwenyewe. Nimemwambia kweli, nimeahidi mengi kuliko mikono yangu, nakuja na lako na la mjukuu. Akakaa kimya kidogo, kisha akaniuliza, "Lina mifuko?" Makete Halisi, Mungu akuzidishie.

Leo nimepata sweta kubwa la sufu sokoni, kijani cha giza, mshono wa ubavuni ni ule mzuri. Nimechoma kipande, nyumba nzima imenuka saluni. Uzi wake mwembamba, nitaukunja mara mbili ili uwe mnene. Ndoo ya rangi nimeshatoboa.

---

Fundi Masasi

Ukiukunja mara mbili, kipande cha majaribio upya. Usifuate namba zangu.

---

Korosho Daraja la Pili

Tunasubiri mrejesho. Usipotee kama wale wengine.

---

Mama Chikongola (29 Juni)

Mrejesho, wakuu. Naandikia Makete, nimejifunika blanketi mbili.

Tulipita Masasi, Tunduru, tukalala Songea, kesho yake Njombe ndipo tukapanda huku. Mtoto sweta lake nilimvalisha tulipoikaribia Njombe, lina mikono mirefu nimeikunja mara moja. Alilifumua mara mbili lilipokuwa kwenye sindano, mara zote likasimama kwenye uzi wa bibi.

Kizibao cha mama nilikimaliza siku mbili kabla ya safari, kifungo cha mwisho nimekishonea ndani ya basi. Kimembana kidogo kifuani, fundi alisema nipime nikapima nusu nusu. Anakivaa wazi, mikono mifukoni, anapita kwa majirani hata bila shida yoyote. Wifi kauliza la kwake. Nimesema hesabu zinapigwa.

Ule mgongo wa sentimeta 62 nilikuja nao, niliufungia chupa ya maziwa njiani. Baba mkwe kauona, kauomba, kajitandikia magotini jikoni, na sasa hautoi. Ni akriliki ule. Nimeshamwambia mara tatu asogee kidogo na moto.