Naombeni ushauri: onyesho moja, kilio na kicheko pamoja, mwongozaji amegoma

KalamuYaWalukuba
Wakuu, habari za jioni. Naandika tamthilia fupi ya Kiswahili kwa kikundi chetu cha mtaani hapa Jinja. Onyesho la tatu limenikwamisha. Ni msibani. Mjane yuko chini kwenye mkeka, analia. Hatua chache kutoka hapo kuna meza, jamaa ana daftari la rambirambi, yaani mabugo, na kipaza sauti, anatangaza nani katoa ngapi. Nataka watu wacheke, halafu kicheko kiwasute. Mwongozaji anasema haiwezekani, nichague moja: msiba au vichekesho. Mwandishi anawezaje kuweka hali mbili zinazopingana ndani ya onyesho moja? Tafadhali msiniambie nifuate moyo. Nimeshaufuata, ndio ulionifikisha hapa.

Boda_Msomi
Mimi nilitoa elfu ishirini kwenye msiba mmoja, jamaa wa kipaza akasoma elfu mbili. Mpaka leo kwenye steji ya bodaboda naitwa Elfu Mbili. Huyo mtu wa daftari muue kwenye onyesho la nne, sisi tutachangia mazishi.

MamaZai_Arua
Pole mwanangu. Vitu hivyo vinatokea kweli. Tulipokuwa tunamzika shangazi yangu upepo ulikuja ukaliangusha hema juu ya kwaya. Wakawa wanatoka chini ya turubai mmoja mmoja, bado wanaimba, sauti ya pili ikitokea upande huu na ya kwanza upande ule. Tulicheka sote, na aliyecheka zaidi ni binti wa marehemu. Alicheka mpaka akakaa chini, ndipo akaanza kulia kilio ambacho tangu asubuhi kilikuwa kimegoma kutoka. Ila hivyo vipaza sauti misibani mimi sivipendi. Michango siku hizi imekuwa mnada.

MzeeWaMbale
Vijana, maiti ana heshima yake. Zamani msibani hata mtoto alikuwa hakimbii uani. Leo mnaandika vichekesho juu ya jeneza, halafu mnashangaa baraka zimekwenda wapi.

Mwl_Fasihi_Busia
Mzee, shikamoo, lakini kazi hii ilifanyika zaidi ya miaka 400 iliyopita. Kalamu, tafuta Macbeth ya Shakespeare, tendo la 2, onyesho la 3. Mfalme Duncan ameuawa usiku huohuo, damu haijakauka. Mlango unagongwa. Anayekwenda kufungua ni bawabu mlevi, hana haraka, anajifanya yeye ni bawabu wa jehanamu na kila anayegonga ni mwenye dhambi anayeomba kuingia. Akishafungua anaanza kumpigia Macduff, bwana aliyekuja kumwamsha mfalme, soga kuhusu pombe na inavyomwamsha mwanamume tamaa kisha ikamnyima nguvu. Watu wanacheka. Muda si mrefu Macduff huyohuyo anatoka chumbani kwa mfalme akipiga mayowe.

Sasa angalia kilichofanyika. Bawabu hajui kuna maiti, hadhira inajua. Hiyo tofauti ndiyo inayobeba kila kitu. Kila mzaha wake unatuchelewesha kufika kwenye maiti, na sisi tunajua tunacheleweshwa. Halafu sikiliza lugha: bawabu anasema nathari, mabwana wakubwa kwa kawaida wanasema kishairi. Sikio linatambua dunia mbili kabla akili haijatambua.

Mfano mwingine ni tendo la tatu la Bustani ya Micheri ya Chekhov, iliyoigizwa mara ya kwanza Moscow 1904. Shamba la familia linapigwa mnada siku hiyohiyo ambayo nyumbani kuna dansi. Muziki unapigwa, mama mwenye nyumba anangoja habari. Anaingia Lopakhin, ambaye baba na babu yake walikuwa watumwa wa shamba lilelile, anasema: nimelinunua mimi. Mama anaanguka kitini analia, Lopakhin anawaamuru wapiga muziki wapige kwa nguvu. Chekhov aliiita komedi, Stanislavski aliyeiongoza akaiona msiba, wakabishana.

Kwa hiyo mwambie mwongozaji wako asichague. Ila mtu wa daftari asijue hata kidogo kwamba anachekesha. Akijua tu, onyesho limekufa. Na mjane asimjibu kwa sauti ileile. Yeye maneno machache, yule mengi.

KalamuYaWalukuba
Mwalimu, asante sana. Hilo la kutojua nitalifanyia kazi leo usiku.

MzeeWaMbale
Na mtaigizia wapi? Mimi ningeanzia hapo.

KalamuYaWalukuba
Pahali papo mzee. Ni uwanja wa wazi.

Mwl_Fasihi_Busia
Uwanja wa nani? Nimekwambia kila kitu kinategemea hadhira inajua nini. Hadhira yako ni nani?

KalamuYaWalukuba
Sawa, niseme. Tumealikwa kuigiza kwenye olumbe, sherehe ya kumaliza msiba, ya mzee mmoja wa mtaa wetu, kabla mrithi hajasimikwa. Mjane wake atakaa mbele. Na kwenye mazishi ya mzee huyo daftari la mabugo lilipotea pamoja na pesa, na aliyekuwa nalo ni mkwe wao. Mtaa mzima unajua. Lakini sijamtaja jina, na kwenye tamthilia anavaa kofia, yeye mwenyewe havai. Na si mimi niliyejipeleka, mtoto mkubwa wa marehemu ndiye aliyeniita, akatoa na pesa za kuanzia. Waigizaji wameshakariri. Kwa hiyo swali langu linabaki lilelile, la ufundi.

Boda_Msomi
Amemvalisha kofia 😂😂 Mahakama imeridhika.

MzeeWaMbale
Hayo ni mashtaka, ndugu yangu, yamevaa nguo za jukwaani. Wenye nyumba wana ugomvi wao, wamekuazima mdomo.

MamaZai_Arua
Mama mjane anajua?

KalamuYaWalukuba
Mwanawe anasema itakuwa zawadi ya kumshtukiza.

Jicho_Kavu
Nimesoma uzi wote. Hakuna olumbe, hakuna mjane. Rudini juu msome tena: "Mwandishi anawezaje kuweka hali mbili zinazopingana ndani ya onyesho moja?" Hilo ni swali la mtihani, limebaki kuwekewa alama pembeni. Huyu ni dogo wa S6, mwaka wa mwisho wa sekondari, yuko likizo. Kwetu mkwe hapewi daftari la pesa, anapewa shoka apasue kuni.

Boda_Msomi
Mwalimu kaandika insha nzima bure! Mmalizie na hitimisho basi.

Mwl_Fasihi_Busia
Kama ni mwanafunzi, kauliza vizuri kuliko wangu wote. Lakini Kalamu, weka hapa kipande cha onyesho tukione. Maneno ya mtihani yanaibika, mazungumzo ya mjane hayaibiki.

KalamuYaWalukuba
Nina watoto wawili, eti S6. Kipande hiki hapa:

MTU WA DAFTARI: (kipazani) Baba Aisha, elfu kumi! Mwenye duka la kona, ameahidi elfu tano. Ameahidi! Makofi… samahani, tusipige makofi.
MJANE: Alimwahidi na mwenyewe, akiwa hai.
MTU WA DAFTARI: Mama anathibitisha ahadi! Anayefuata, jirani wa nyumba ya bluu, sukari kilo mbili.
MJANE: Soma jina lake.
MTU WA DAFTARI: La jirani, mama?
MJANE: La aliyelala ndani.
(Anapekua daftari. Ukurasa wa kwanza. Anarudia ukurasa wa kwanza. Kipaza sauti kinachukua sauti ya karatasi.)

Na Jicho, kuhusu mkwe kupewa daftari, unadhani ni kwa nini mtaa bado unalisema?

Mwl_Fasihi_Busia
Hapo kwenye karatasi kipazani, acha. Usiweke wimbo, usiweke ngoma, mjane asiongeze neno. Nina hakika mwongozaji ametia muziki wa huzuni hapo.

KalamuYaWalukuba
Kinanda.

Mwl_Fasihi_Busia
Kiondoeni. Kinaiamuru hadhira ilie, ndiyo maana anaona kicheko kinagombana na kilio. Ila MzeeWaMbale ana hoja, na ni ya ufundi pia. Bawabu wa Macbeth hajui. Watu wako wakijua kwamba wa daftari ni mwizi, watamcheka yeye, na macho yote yatageukia kiti cha mkwe. Mjane wako pale jukwaani hataonekana na mtu. Mfanye mtu wa daftari awe mwaminifu kabisa, hesabu zake zimenyooka mpaka senti, ila amesahau jina la marehemu. Hapo hata mkwe anaweza kucheka.

KalamuYaWalukuba
Mwanawe hatakubali. Alilipia mwizi.

Boda_Msomi
Mrudishie nusu.

MamaZai_Arua
Mimi bado nangoja jibu la mama mjane.

KalamuYaWalukuba
Nitakwenda kwake kesho mchana, mwanawe akiwa kazini. Nitamsomea hicho kipande. Akikataa tutaigiza mchezo wetu wa zamani wa kwanjula, yaani utambulisho wa wachumba, waigizaji wanaujua.

Jicho_Kavu
Olumbe ni lini? Nije nihakikishe.

KalamuYaWalukuba
Jumamosi. Usikae safu ya mbele, ni ya wakwe.