Binti yangu hakohoi tena: je, niache dawa ya pumu ya kila siku?

Mama wa wawili

Ndugu wazazi, naomba ushauri wenu. Binti yangu wa miaka 6 aligunduliwa kuwa na pumu baada ya miezi mingi ya kukohoa usiku na kubanwa kifua kila mafua yanapompata. Alipewa inhela mbili: moja ya kutumia anapobanwa, na nyingine ya kuvuta asubuhi na jioni kila siku. Sasa ni wiki ya 5 hajakohoa, analala usingizi mzima na anakimbia na wenzake bila kutweta. Mama mkwe ananisihi niache ile ya kila siku, akihofia kwamba mwili utaizoea na mtoto hataweza tena kuishi bila dawa. Sipendi kumpuuza mkwe wangu, wala sitaki kumpa mwanangu dawa asiyoihitaji. Nifanyeje?

Muuguzi wa watoto

Dada, pole kwa kukesha kote huko. Kubanwa kifua ni ile sehemu ya pumu inayoonekana tu. Hata siku mtoto anapocheza vizuri, kuta za ndani za mirija yake ya hewa zinaweza kuwa bado zimevimba, na zikiguswa na mafua, moshi, vumbi au hewa baridi, misuli inayoizunguka mirija hiyo hukaza, ute huongezeka, na hewa hupita kwa taabu. Salbutamoli, yaani dawa iliyo kwenye inhela ya nafuu anayotumia anapobanwa, hulegeza misuli hiyo ndani ya dakika chache, lakini uvimbe inauacha palepale. Inayoutuliza uvimbe ni hiyo ya kila siku, tena hufanya hivyo taratibu, kwa siku na wiki, bila mtoto kuhisi nafuu ya papo hapo, na ndiyo maana wazazi wengi huiona haina kazi. Huenda utulivu huu wa wiki 5 umeletwa na dawa hiyohiyo unayoshauriwa kuiacha.

Mweleze mama mkwe kwa heshima kwamba dawa hii haileti uraibu. Ni steroidi, yaani dawa ya kutuliza uvimbe, ya kiwango kidogo inayokwenda moja kwa moja kwenye mapafu. Sitaficha kwamba baadhi ya watoto wanaoitumia kwa muda mrefu hupungukiwa kimo kidogo, kama sentimita 1 hivi, lakini pumu iliyoachwa bila kudhibitiwa nayo hudumaza, na inaweza kuua. Baada ya kuvuta, asukutue kinywa na kuyatema maji, ili asipate utando mweupe mdomoni. Kwa kawaida daktari hufikiria kupunguza dozi mtoto akishatulia kwa takribani miezi 3, kwa hiyo mrudishe kliniki badala ya kuikatiza mwenyewe.

Baba wa mvulana

Naongeza jambo lililotugharimu mwaka mzima. Tulikuwa tunampulizia mwanangu dawa mdomoni moja kwa moja, na nyingi ikaishia kwenye ulimi na koo. Tumia spesa, kile chombo cha plastiki kinachounganishwa na inhela. Itikise inhela, bonyeza mara moja tu, mtoto avute na kutoa pumzi taratibu mara 5, kisha utikise tena kabla ya kubonyeza mara ya pili. Chombo kioshwe kwa maji ya sabuni na kiachwe kikauke chenyewe, kwa sababu ukikifuta kwa kitambaa plastiki hupata umemetuli, na dawa hunata ukutani badala ya kumfikia mtoto.

Mama wa wawili

Ahsanteni sana. Nitaendelea nayo hadi tutakapomwona daktari. Nitajuaje kwamba shambulio limekuwa la hatari?

Muuguzi wa watoto

Mvue nguo ya juu umtazame. Ngozi iliyo kati ya mbavu ikizama kila anapovuta pumzi, pua zikitanuka, au akishindwa kumaliza sentensi fupi, mkalishe wima, umpe inhela ya nafuu kwa spesa kama daktari alivyowaelekeza, na umpeleke hospitali bila kusubiri kuona kama atatulia. Midomo ikiwa ya bluu au ya kijivu, hiyo ni dharura kubwa. Jambo linalowapotosha wengi ni ile sauti kama ya filimbi inayotoka kifuani anapopumua: ikinyamaza ghafla huku mtoto akizidi kulegea, usidhani amepata nafuu, kwa maana hewa inayopita imekuwa kidogo mno hata kutoa sauti.